Glasi Zilizolala Upande

Ufunguo wa chumba cha baridi ninao mimi, huu mwaka wa kumi na tisa. Hoteli imebadilisha mameneja saba na rangi ya kuta mara nne, ufunguo haujabadilisha mkono. Ndiyo maana jikoni wananiita Kufuli. Kazi yenyewe haitaki shule nyingi, na ni bahati, maana niliyonayo inatosha kuhesabu kreti na kusoma tarehe kwenye makopo, basi.

Mke wangu alikuwa mpishi wa keki hapa hapa. Siku ya karamu moja kubwa alianza kulalamika kifua. Akaomba ruhusa aende hospitali, meneja wa wakati ule akamwambia amalize kwanza agizo la wageni. Akamaliza. Wiki haikuisha, naye akawa amemalizika. Meneja yule walimhamisha, wakampa na cheo. Mimi nilibaki na binti yetu, ambaye ana mikono ya mama yake na, nashukuru, hana mdomo wangu.

Binti huyo alikuwa kibarua jikoni mwaka wa pili sasa, anamenya, anaosha trei, anapiga mayai wenzake wakienda chai. Nafasi ya mama yake ilikuwa wazi. Wapishi watatu walishaikalia wakaondoka. Basi mama meneja wa sasa akamwita ofisini akampa mtihani: Alhamisi saa tisa alasiri atengeneze keki ya jibini ya ladha tatu, kwa namna ambayo wageni wa hoteli hawajapata kuiona. Watu kumi na wawili wataonja. Wakiridhika, nafasi ni yake. Wasiporidhika, hoteli itaanza kununua keki zilizogandishwa kiwandani, na kwa kuwa hapo hakutakuwa na keki ya kupikwa, kibarua chake nacho kitaota nyasi siku hiyo hiyo.

Wiki nzima sikulala usingizi wa maana. Yeye alilala. Mimi ndiye niliyekuwa nageuka kama chapati.

Alhamisi asubuhi Chumvi, mpishi mkuu, alimpimia jibini laini kwenye mizani kama anayepima dhahabu: ya glasi kumi na mbili, hata ya kulamba kijiko haikuzidi. Saa mbili binti akaingia kwangu na trei mbili zilizofunikwa kitambaa, akazisukumia kwenye rafu ya chini kabisa. Alikuwa anahema. Akaniambia, "Baba, rafu hii ni yangu leo. Asiiguse mtu." Kabla sijamuuliza neno akaitwa, akakimbia.

Asiiguse mtu. Nilisikia vizuri sana. Ila mimi mle ndani sikuwahi kujihesabu kuwa mtu. Mimi ni sehemu ya chumba, kama taa.

Sasa lazima nieleze habari ya karatasi. Mwezi uliopita sufuria ya supu iliteleza kwenye rafu ikamwagikia nyama. Iliteleza kwa sababu rafu ile ina mguu mmoja mfupi, jambo nililolisema tangu mwaka juzi mpaka nikachoka. Meneja hakuuliza habari za mguu. Alibandika karatasi mlangoni: KILA KITU KISIMAME WIMA. ATAKAYEKIUKA ATAWAJIBISHWA. Niliisoma herufi kwa herufi, nikaielewa kuliko walioisoma kwa mkupuo. Wakubwa ndivyo walivyo, mguu wa rafu hawauoni lakini karatasi hawakosi.

Saa tatu kasorobo nikawa napita kukagua, kama kila siku. Nikainua kitambaa kidogo tu, nione kama baridi inamtosha mwanangu. Roho ikaniruka. Glasi zote kumi na mbili zilikuwa zimelala upande kwenye trei za mayai, kila moja kwenye shimo lake, na ndani yake mchanganyiko wa rangi ya kahawa umepanda ukuta mmoja wa glasi na kuuacha mwingine mtupu. Nikasema moyoni, mguu mfupi huo. Au ni mtu mwenye husuda amepita na kiwiko chake. Nikaitazama na ile karatasi mlangoni. Nikamwona meneja akiingia, anazikuta hivi, mtihani umeisha kabla haujaanza.

Nikazisimamisha. Moja moja, taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyesinzia. Nikakunja kipande cha boksi nikakiweka chini ya mguu wa rafu. Nikafuta, nikafunika, nikatoka kifua mbele. Nikajiona baba kweli kweli.

Binti alirudi saa tatu na nusu kutazama kama imeshika. Nilikuwa mlangoni namngoja, nikitarajia asante. Akainua kitambaa, akakirudisha taratibu. Upole ule naujua. Mama yake alikuwa nao.

"Nani amezisimamisha?"

Nisiwafiche, jina la Chumvi lilishafika kwenye ncha ya ulimi. Angeamini, kwa sababu Chumvi hamtakii mtu mema hata akipiga chafya. Lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Mimi."

Akakaa juu ya kreti ya maziwa. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Glasi alizilaza makusudi. Kahawa igande imelala upande huu, kisha vanila imwagwe na glasi zilazwe upande ule, mwisho pasheni ijaze bonde linalobaki katikati glasi zikiwa zimesimama. Mtu akiitazama kwa nje anaona rangi tatu zimepishana kama vitambaa vilivyokunjwa. Biskuti iliyosagwa na siagi haikai chini kama kwenye keki nyingine, inakuja juu mwishoni, ibaki kavu, iite meno. Sasa kahawa ilikuwa imeshika nusu tu nilipoisimamisha, ikaporomoka, ikaacha matope ukutani. Na jibini ya kurudia haikuwepo.

Nikamwambia nilidhani zimeanguka.

"Mama alikuwa akizilaza hivi hivi nyumbani, baba. Kwenye trei za mayai, kila ulipopata likizo. Hukuwahi kuona?"

"Nilikuwa nakula tu," nikasema.

Ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Miaka yote ile friji ilikuwa hatua nne kutoka kwenye kiti changu.

Akasimama, akajifuta mikono kwenye aproni. Akaomba beseni la maji ya moto, lakini yasiwe ya kuchemka, kwa sababu jelatini, ule unga wa kugandisha, ikichemshwa haishiki tena. Nikaleta. Akawa anatumbukiza kitako cha glasi, anahesabu kimya, kahawa inalegea, anafuta ukuta kwa kitambaa alichokifunga kwenye kijiko, ananipa mimi nilaze. Ya saba ilikuwa na doa ambalo halikutoka hata kwa dawa. Tukaiacha hivyo.

Ilipofika saa nne zote zilikuwa zimelala tena. Hapo tukafanya hesabu ambayo hata mimi niliiweza. Kila tabaka linataka saa mbili. Kahawa mpaka saa sita. Vanila mpaka saa nane. Pasheni mpaka saa kumi. Na waonjaji wanakaa mezani saa tisa.

"Ladha mbili zitaganda," akasema. "Hiyo ya tatu nitaona nitakavyofanya. Wewe nilindie mlango tu. Kila ukifunguliwa joto linaingia, tunapoteza dakika."

Nikabandua ile karatasi ya meneja nikaitia mfukoni. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani nilikuwa nimeogopa kupita kiasi, na hofu ikipita kiasi mtu anafanya mambo ambayo angeogopa kuyafanya. Nikasimama mlangoni kama askari wa benki. Aliyetaka siagi nilimwambia arudi baadaye. Aliyetaka mboga nilimtolea zote kwa mkupuo mmoja, za siku mbili. Chumvi akauliza kwa kebehi kama humo ndani nimeoa tena. Nikamwambia ndiyo, na mahari nimeshatoa, asinisumbue. Saa sita binti akaja na vanila, akamimina, akazigeuzia upande wa pili, akatoka bila neno. Nilitazama saa ya ukutani mpaka nikaona kama mishale inarudi nyuma.

Saa saba meneja akaja. Nyuma yake wabebaji wawili na nyama mabegani.

Akasimama mbele ya mlango, akatazama pale palipokuwa na gundi kavu. Akaniuliza karatasi yake iko wapi. Nikamwambia mfukoni mwangu. Hakuamini masikio yake. Akaniambia nifungue, nikafungua, maana kufungua ndiyo kazi yangu, lakini nikaingia mimi kwanza. Aliziona glasi zimelala kabla hajafika. Akainama, mkono umeshanyooka kuikamata glasi ya kwanza, vanila nayo wakati ule ilikuwa imeshika nusu tu, vile vile kama kahawa ya asubuhi.

Nikaweka mkono wangu katikati.

"Mzee, unajua unachokifanya?"

Miaka kumi na tisa nimesema ndiyo mama, ndiyo bwana, kisha nikarudi nyumbani kuwasema wakubwa mpaka sahani zikachoka kunisikiliza. Mke wangu alikuwa akiniambia, maneno haya mbona huyapeleki kazini? Alhamisi hiyo yakatoka.

"Asubuhi niliitii karatasi yako, mama. Nikazisimamisha, nikamharibia mwanangu kazi. Mikono ilikuwa yangu, sikatai. Lakini karatasi ni yako. Ukizigusa sasa, mara ya pili mikono itakuwa yako pia."

Wabebaji wakatazama sakafu. Nyama inadondosha matone. Meneja alinitazama, na mimi moyoni nilishaanza kufungasha: koti langu la baridi, kikombe changu, picha ya marehemu iliyobandikwa ndani ya kabati. Akarudisha mkono. Akawaambia wabebaji wapeleke nyama friji ndogo ya nyuma. Kwangu akasema tutazungumza baada ya saa tisa. Mlango ukafungwa, nikaegemea pale pale.

Saa tisa nilikuwa kwenye kile kidirisha cha mlango wa jikoni, pua imegandamana na kioo. Glasi zilipangwa mezani zimesimama wima, hata karatasi ingeridhika. Ndani yake kahawa na vanila zimepishana, moja imepanda kushoto, nyingine kulia, na bonde katikati tupu. Watu wakaanza kutazamana. Nilimwona meneja akihesabu ladha kwa kidole, moja, mbili, anatafuta ya tatu. Na glasi yenye doa ilikuwa imemwangukia yeye. Sikuipanga mimi, ingawa kama ningepata nafasi ningeipanga.

Binti yangu akatokea na jagi dogo. Pasheni hakuigandisha kabisa. Hakuitia jelatini, aliichanganya na jibini yake akailegeza iwe nzito kama asali. Akapita nyuma ya kila kiti, akamimina mbele ya mwenyewe. Ule umanjano ukateremka kwenye mteremko wa vanila, ukasita kidogo, ukajaza bonde. Mzungumzaji mkubwa kuliko wote pale mezani alisahau kijiko hewani. Kisha binti akanyunyiza biskuti juu, na nikasikia kwa masikio yangu, kupitia mlango, ile mikwaruzo ya meno.

Meneja akauliza mbona tabaka la tatu halijaganda. Nikafumba macho. Binti angeweza kunitaja, na angekuwa hajamwonea mtu.

"Nimeliacha limwagwe mezani, mama, ili mgeni alione linavyoshuka."

Hakusema uongo. Hakusema yote pia. Hiyo nayo ni ya mama yake.

Chumvi alimaliza glasi yake, akaikwangua, kisha akasema biskuti imezidi kidogo. Kwake hayo ni makofi ya pongezi.

Uamuzi ulitoka jioni. Waliridhika wote kumi na wawili, lakini mkubwa hawezi kukupa kitu bila kukikata kona. Nafasi amepewa, ila kwa miezi mitatu ya majaribio kwanza. Keki za kiwandani zisubiri. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kubandua tangazo la ofisi. Kuhusu mambo mengine niliyoyasema mle ndani, barua haikusema kitu. Binti aliniuliza kama nimekasirika. Nikamwambia miezi mitatu kwa mikono ile ni dharau. Akacheka, akasema baba, mimi nimefurahi, niachie nifurahi. Nikamwachia.

Jumatatu nilikuta karatasi mpya mlangoni. Nikaisoma herufi kwa herufi. KILA KITU KISIMAME WIMA, ISIPOKUWA GLASI ZA KEKI. ATAKAYEKIUKA ATAWAJIBISHWA. Neno la samahani sikuliona, ingawa niliigeuza hata nyuma. Mguu wa rafu bado mfupi, unasimama kwa boksi langu.

Nyumbani sasa, siku ya mapumziko, akianza kukoroga jibini nasogeza kiti karibu na friji. Ananiambia nisiguse. Sigusi. Naangalia tu glasi zinavyolala, moja baada ya nyingine.