Upenyo wa Kona ya Mwisho

Mbio zikianza, uwanja mzima hutazama farasi isipokuwa Edilma. Yeye huwapa farasi mgongo, akageuza karimanyola zake kwenye mafuta, vile vitafunio vya muhogo uliopondwa na kujazwa nyama anavyouza, na mbio akazisoma kwenye nyuso za wateja. Ndivyo alivyojua, mwezi wa Februari, kwamba mwanawe Amílcar, joki, ameanguka: midomo yote ilifunguka, sauti haikutoka.

Leo Amílcar alikuwa anarudi kupanda farasi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Shoga, wamempa farasi moto wa kuotea mbali," alisema Chela, muuza bahati nasibu wa meza ya pili. "Jukwaa zima limembetia. Hata padri! Nimemwona kwa macho yangu, kajibanza nyuma ya nguzo na tiketi yake."

"Vizuri," alisema Edilma. Tone la mafuta lilimrukia mkononi. Aliliona, maumivu hakuyasikia. Tangu siku zile za hospitali, mambo mengi alikuwa akiyaona tu.

Mzee Temístocles, kinyozi, alipunga mkeka wake wa kubetia. "Mama Amílcar, kijana wako namjua. Atajibana ndani ukingoni, awaache wenzake wachoshe farasi wao huko mbele. Kona ya mwisho, upenyo ukifunguka tu, huyo! Kapita kama mwizi wa kuku."

"Si upenyo huohuo uliomvunja nyonga?" Chela alimkata kauli.

"Joki asiyepita pale akaendeshe teksi. Hakuna mkufunzi atakayempa hata punda."

Edilma alilijua hilo. Mwanawe akipita, huenda yeye Edilma akaletewa maiti. Asipopita, kazi imekwisha. Tangu asubuhi alijaribu kuchagua aombe lipi, akashindwa, akakanda mihogo.

Kengele ikalia, vizuizi vikafunguka.

"Yuko wapi?" aliuliza, mgongo uwanjani.

"Ndani, kaganda ukingoni," alisema Chela. "Katulia. Ee Mama Maria, wa mbele wanachoka!"

Kinyozi alipanda juu ya kreti ya bia. "Upenyo huo! Mpana kama mlango wa kanisa! Ingia, mwanangu, ingia!"

Edilma alizitazama nyuso. Zilingoja. Kisha zikakunjamana, mmoja baada ya mwingine.

"Anamvuta nje!" kinyozi alilia. "Anazunguka kote huko! Anakwenda kutusalimia jukwaani?"

Farasi alikuja mbio kwa nje, akakosa ushindi kwa pua tu. Mikeka iliyochanwa ikamwagika hadi kwenye karai.

"Bibi, umezaa kuku!" mtu alipaza sauti.

"Kuku ni aliyekuzaa wewe!" Chela alimjibu. "Na alikutaga vibaya!"

Baadaye Amílcar alikuja, suruali yake nyeupe haina hata doa la tope.

"Naomba baraka, mama."

"Mungu akubariki."

"Nipe mbili."

Tangu aingie shule ya majoki hakuwahi kugusa kitu cha mafuta, kwa kuogopa mizani. Sasa alitafuna amesimama, mafuta yakimtiririka kidevuni.

Chela alishindwa kujizuia. "Mkufunzi kasemaje?"

"Kasema asante kwa yote." Akachukua ya tatu.

Edilma alingoja kitu kimshike, furaha au uchungu, chochote; hakikuja. Kinyozi alisogea, bila kumtazama kijana usoni.

"Na mimi nipe moja, mama. Yenye nyama nyingi."

Akampa.