Mwezi wa Pembe Moja

Stara binti Makame hakuwa mtu wa kupiga kelele kazini. Lakini asubuhi hiyo, mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Dodoma, nusu ya mtaa ilimsikia. Mumewe, Zaidi, aliyekuwa uani akipasua kuni, alitupa shoka akaja mbio akidhani ameungua.

"Umefanya nini?"

"Njoo uone! Njoo uone hiki!"

Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa binti wa Kigogo aitwaye Loisi, ameshika shavu kwa mshangao. Alikuwa ametoka Kilimatinde kumtembelea kaka yake, mfanyakazi wa reli, na kesho yake angerudi kwao. Alikuja tu kutengenezewa kidani chake: rupia moja ya fedha iliyozungushiwa ukingo, nao ukingo ulikuwa umeng'oka kishikio.

Stara hakutia kitu motoni kabla ya kukisoma. Vijiko vya Wadachi alivigeuza mgongo akatafuta mwezi, taji na namba mia nane, alama za fedha yao. Asipoviona, alimwambia mwenye kijiko waziwazi kwamba hiyo huenda si fedha, hata kikimetameta vipi. Kwenye reale za zamani alihesabu lulu za bizimu, ile pini ya nguo, begani mwa malkia aliyechorwa juu yake. Zisipotimia tisa, aliirudisha. Hayo yote alifundishwa na baba yake, sonara wa Kondoa, kabla hajafikisha miaka kumi.

Sasa, nyuma ya ukingo wa kidani, palikuwa na mwezi mchanga mdogo kama punje ya ulezi. Pembe yake moja ilikuwa imekatika.

"Huu ni muhuri wa baba," alisema. "Mimi ndiye niliyeuangusha ukavunjika pembe. Nilidhani atanichapa, akacheka. Akasema sasa hakuna atakayeweza kumwiga."

Zaidi alichuchumaa kando yake. Habari za mkwewe alizijua. Miaka kumi na minne nyuma, Makame alifuatana na msafara wa kwenda Tabora, ndui ikaushukia njiani, na habari zikarudi kwamba hakupona mtu. Khitma ilisomwa.

"Basi alikifua kabla hajafa, mke wangu," alisema kwa upole.

"Geuza. Soma mwaka."

Zaidi aligeuza rupia, akaisogeza kwenye mwanga. Elfu moja mia tisa na kumi.

"Sarafu ya mwaka juzi!" Stara alisema. "Maiti hafui fedha, Zaidi!"

Zaidi alimrudishia kidani. "Lakini muhuri ni chombo tu. Mtu anaweza kuuokota. Anaweza hata kuununua."

Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa la kweli. Stara akamgeukia binti. "Mwanangu, nani alikutengenezea?"

"Mzee mmoja kule kwetu, mama, nyuma ya boma. Tunamwita Sonara tu. Uso wake una makovu, na macho hayaoni vizuri. Kazi anaifanya kwa kupapasa."

"Nyundo anaishika mkono gani?"

Loisi aliwaza, akainua mikono yake miwili kama anayejaribu kukumbuka, kisha akaushusha wa kulia. "Huu. Wa kushoto."

Baba yake naye alitumia mkono wa kushoto. Stara alisimama kwa kasi, makoleo yakaanguka.

Kesho yake walipanda gari moshi wote watatu. Kwa haraka aliyokuwa nayo, Stara aliona nchi haiishi. Kila gari liliposimama kuchukua maji alimuuliza Zaidi kama limeharibika. Saranda, kituo cha kwenda Kilimatinde, waliteremka, wakaanza kupanda mlima kwa miguu, Stara akatangulia mbele ya Loisi mwenyewe aliyeijua njia.

Walimkuta mzee kwenye baraza ya nyumba ya tembe, ameinamia kazi. Kofia yake ilikuwa imefifia, mashavu yametoboka kwa ndui. Stara alivua bangili aliyoifua mwenyewe, akamtilia kiganjani.

Mzee aliipapasa polepole, kidole gumba kikafika kwenye kiungo, kikasimama.

"Fedha nzuri," alisema. "Lakini hapa lehemu imejaa mno. Nani kakufundisha kazi hii?"

"Ulinifundisha wewe, baba. Ukaondoka kabla hatujafika kwenye lehemu."

Nyundo ilimtoka mkononi. Alinyoosha vidole, vikatafuta uso wa Stara, paji, pua, kidevu.

"Stara?"

"Shikamoo, baba."

Mzee alilia kwa sauti kubwa bila haya, hata majirani wakatoka. Baadaye ndipo alipoeleza. Alirudi Kondoa baada ya miaka mitatu, akaikuta nyumba imeanguka. Akaambiwa mkewe kafa, mtoto kachukuliwa na mjomba kwenda pwani, na hakuna aliyejua mji gani.

"Bagamoyo," alisema Stara. "Huko ndiko Zaidi alikonioa. Reli ndiyo iliyotuleta Dodoma."

Makame alikubali kuhama nao, ila si siku hiyo. Alikuwa na pete za harusi za watu, na asingeondoka kazi haijaisha. Basi walikaa siku nne, na Stara akajifunza lehemu toka mwanzo, akikaripiwa kama mtoto, akicheka kila alipokaripiwa.

Siku ya safari mzee alikataa katakata kuuweka mvukuto wake wa kupulizia moto pamoja na mizigo. Aliupakata, ngozi ya mbuzi yenye manyoya ikiwa bado nzima, na mkaguzi wa tiketi alipopita, akauinamia kwa mashaka.

"Mzee, wanyama hawaruhusiwi humu."

"Huyu hali majani," alisema Makame, akaubonyeza ukampulizia mkaguzi wa watu usoni. Behewa zima likaangua kicheko, na Stara akacheka mpaka akamwegemea mumewe, machozi yakimtiririka.