Fidla za Turwa na Litungu la Simioni

Beatrice Mokami hakuwa na ukumbi. Hakuwa na piano, wala baba aliyewahi kushika chombo cha muziki, wala mume wa kumsemea kwenye vikao vya kanisa. Chelo yake haikuwa na mfuko. Aliifunga kwa blanketi, akaibeba mgongoni kutoka nyumbani Turwa, hapa Tarime, mpaka mazoezini, na watu njiani wakamuuliza mgonjwa anaendeleaje. Hakuwa na cheti cha muziki cha kutundika ukutani. Subira pia hakuwa nayo, na hilo nalisema bila kumficha.

Lakini okestra alikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ya nyuzi tupu: fidla, viola, chelo yake, na lile besi kubwa ninalolipiga mimi kwa kusimama. Tulijifunza jioni kanisani, baada ya kazi. Mimi niliyejifunza kusoma nikiwa mtu mzima sikuona aibu kujifunza noti nikiwa na mvi.

Nyimbo za vitabuni zilipoanza kutukaa mikononi, Beatrice akatafuta wageni. Kwanza alimleta Swaleh, fundi cherehani wa Mugumu, na udi wake wa kupigia taarabu. Wazee wa kanisa waliguna. Alipomaliza kusikiliza miguno yao, akapanda Gorong'a kumfuata Simioni na litungu lake la nyuzi nane, linalonguruma kama fahali zizini.

Simioni alikuwa na desturi yake mwenyewe. Popote anapopiga, humwita mtu mmoja kwa jina, humchokoza kwa wimbo, na haendelei mpaka yule aliyeitwa asimame aseme ni mwana wa nani. Mwalimu mwingine angeifuta desturi hiyo. Beatrice aliiandikia noti. Mahali pale fidla zilipaswa kurudia mistari ile ile miwili, kuzunguka na kuzunguka, mpaka jibu lije.

Ndipo akaja Bwana Joel, mzaliwa wa kijiji cha Ring'wani na mjumbe wa kamati ya tamasha moja la Mwanza, kutusikiliza. Beatrice alilitamani tamasha hilo tangu siku ya kwanza aliposhika chelo. Joel akikubali, tunakwenda. Akikataa, tunabaki.

Tulipiga vizuri siku hiyo. Udi wa Swaleh uliingia taratibu, fidla zikauachia nafasi, kisha litungu likaingia na sakafu ikatetemeka. Simioni akainua kichwa, akamtazama mgeni.

"Joel, mura, kijana wa Ring'wani!" aliimba. "Umekaa kama mkaguzi wa shule! Tai umeifunga vizuri, lakini ng'ombe wa baba yako bado wananijua. Wewe ni mwana wa nani?"

Tukaanza kuzunguka. Joel akatazama simu yake. Tukazunguka tena. Eunice, mpiga fidla wa kwanza, akaanza kung'ata mdomo kwa uchovu wa mkono.

"Bwana, jibu tu!" Swaleh akacheka. "Vidole vyetu vinakwisha, na mimi nina suruali za watu za kushona!"

Joel alifunga kijitabu chake, akatoka. Beatrice hakusimamisha upinde. Tuliendelea kuzunguka mpaka ngurumo ya gari lake ikapotea barabarani.

"Amekimbia," Simioni akasema, akalaza litungu chini. "Wanaume wa Ring'wani siku hizi!"

Jibu la kamati lilifika kabla ya mvua. Okestra imekubaliwa, lakini nyuzi za kizungu peke yake. Litungu na udi viombe nafasi siku ya ngoma za asili, kwa kuwa wakati wa majaribio vilisababisha kipande kukwama. Tuthibitishe kwa barua yenye sahihi ya kiongozi.

Beatrice aliisoma kwa sauti mbele yetu sote.

"Mwalimu, twende," alisema Eunice. "Mwaka kesho tutawachukua na wao."

"Nendeni," Simioni akaongeza. "Mimi nina ng'ombe wa kukamua."

"Tata Simioni, baba yangu, wewe hujaulizwa." Beatrice akamgeukia Eunice. "Na ukifika pale katikati, utapiga nini? Utapumzika?"

"Tutapiga kingine. Vya vitabuni tunavijua."

"Tunavijua. Na mimi navipenda, nitavipiga mpaka nizeeke. Lakini hatukukwama, Eunice. Ulikuwepo. Tulikuwa tunamsubiri mtu. Mtu akiitwa kwa jina lake akanyamaza, aliyekwama ni nani?"

Eunice aliinama. "Nilishamwambia mama kwamba naenda Mwanza."

"Mwambie utapiga hapa hapa Tarime, siku hiyo hiyo, kwenye ghala la kahawa. Aje akae mbele. Tata Simioni atamwita."

"Mama yangu atajibu," Eunice akasema, na akacheka japo macho yalikuwa yamelowa. "Atajibu mpaka mumwombe akae."

Beatrice akavuta karatasi. Aliandika kwa kalamu ya wino, na mimi nilisoma juu ya bega lake:

"Ndugu wajumbe, asanteni kwa nafasi. Hatuji. Okestra yetu ni fidla, viola, chelo, besi, udi na litungu. Hakuna mgeni ndani yake. Siku ya tamasha lenu tutapiga Tarime, na milango itakuwa wazi. Bwana Joel anakaribishwa. Ataitwa tena, na safari hii pia tutamsubiri."

"Mwalimu," nikasema, "ongeza 'kwa masikitiko'. Ndivyo barua za ofisi zinavyoandikwa."

"Samahani, Mzee Hezekia," alinijibu bila kuinua macho. "Wewe umesikitika?"

Nilijipima. "Hapana."

"Basi tusiwadanganye."

Akatia sahihi kwa jina lake lote, akakunja karatasi. Alilamba gundi ya bahasha na kuibana mezani kwa ngumi. Kisha akaipeleka stendi mwenyewe, akamkabidhi wakala wa basi la Mwanza, na hakuondoka mpaka basi lilipoondoka nayo.