Umempeleka Wapi Mtoto

Wangui alikuwa amekuja Endarasha kukaa wiki moja tu. Hivyo ndivyo alivyomwambia shangazi yake Beth, na pengine hata yeye mwenyewe aliamini. Lakini mtu aliyepigwa na maisha hutafuta pa kujilaza, na akishapata penye joto, kumwamsha ni kazi.

Kipigo chenyewe kilikuwa hiki. Alikuwa na duka la keki mjini Nanyuki, keki za arusi zile za ghorofa, na kutoka Naro Moru hadi Timau hapakuwa na bibi arusi mwenye kujiheshimu asiyemjua. Kisha barabara ikapanuliwa. Matingatinga yalibomoa safu nzima ya maduka kabla ya saa nne, na oveni yake ikabaki chini ya mawe. Mchumba wake, ambaye alizoea kumwita malkia, akaanza kuwa na shughuli nyingi, halafu akanyamaza kabisa. Wangui hakulia. Alitia nguo chache kwenye begi akaenda kwa babu yake.

Mzee Mwai, baba ya baba yake, alikuwa amefikia umri wa kuongea na watu ambao wengine hawawaoni. Mkewe alikuwa amefariki mwaka juzi. Naye pia aliitwa Wangui, maana mjukuu huyu alikuwa binti wa kwanza wa mwana wao Ngatia, na binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba. Tangu akiwa mchanga, mzee alimtania akimwita mke wangu. "Mke wangu, leo hujanipikia?" alikuwa akimwuliza, na mtoto mwenyewe hata meno ya mbele hana. Ni utani wa kila boma huko, hakuna anayeufikiria mara mbili.

Ila sasa mzee hakuwa akitania.

Ulikuwa mwezi wa Julai, ukungu unashuka kutoka Aberdare na kulala juu ya viazi hadi adhuhuri. Beth, aliyeishi ng'ambo ya ua, alimwona mpwa wake akitetemeka ndani ya koti la kijanja la mjini, akamtolea sweta nzito ya marehemu na gambuti zake za mpira. Zilimtosha kabisa. Kitambaa cha kichwa Wangui alikipata mwenyewe, kikining'inia nyuma ya mlango. Alipotoka nje hivyo, mzee alimtazama kwa muda mrefu.

"Umechelewa," akasema. "Ng'ombe hajakamuliwa."

Wangui akaenda kukamua. Ng'ombe yule, ambaye alikuwa amempiga Beth mateke hadi Beth akachoka, alisimama kimya kama aliyekuwa akimngoja.

Na ukweli ni kwamba alipapenda. Hakuna aliyemwuliza sasa atafanya nini na maisha. Mke wa Mzee Mwai hakuwa amebomolewa kitu, hakuwa ameachwa na mtu. Alikuwa na ng'ombe, viazi na kiti chake karibu na moto. Mimi simlaumu kwa kukikalia. Namlaumu kwa kukaa sana.

Sahro alipiga simu. Huyu alikuwa jirani yake Nanyuki, akiuza nguo kwenye safu ileile iliyobomolewa, na hakukaa chini kujihurumia. Alikuwa amepata kibanda cha chakula karibu na soko la mifugo.

"Abaayo, dada yangu, mimi najua nyama na mchele," alisema. "Lakini hawa wanaume wa ng'ombe wanataka chapati, wanataka mandazi ya asubuhi. Kuja tufanye pamoja. Jumamosi nafungua. Usipokuja nitachukua mtu mwingine. Sitaki, lakini nitachukua."

"Nitakuja," Wangui alimjibu, na alimaanisha. Kisha akaiweka simu kwenye droo, akaenda kumenya viazi.

Jioni hiyo mzee alikuwa akiota moto. "Ile dume ya kulima tuliuza soko ya Kiriaini," akasema, "tulikuwa tunaiita nani?"

"Thitima," Wangui akajibu bila kuinua kichwa.

Mzee akaitikia, ameridhika. Kisu cha Wangui kikasimama katikati ya kiazi. Dume hilo liliuzwa kabla baba yake hajaoa, na hakukumbuka kuambiwa habari zake na mtu yeyote. Akajiambia lazima aliwahi kulisikia jina hilo utotoni. Kesho yake goti la kulia likaanza kumuuma, lilelile lililomsumbua nyanya yake, na hapo hakujiambia chochote.

Alhamisi Beth alipenya kwenye ua asubuhi, ukungu umetanda, akaona mtu akitoka zizini akichechemea. Ndoo ikamponyoka.

"Ni mimi, Tata," Wangui akamwambia shangazi yake.

"Najua ni wewe." Beth hakuiokota ndoo. "Lakini usifunge hiyo kitambaa hivyo. Mami ndio alikuwa anafunga hivyo."

"Sijui kufunga ingine."

Na hakuwa akidanganya. Alijaribu kukumbuka alivyokuwa akifunga zamani, mikono ikakataa.

"Jumamosi unaenda kwa huyo rafiki yako?" Beth akauliza.

"Rafiki gani?"

Beth alimtazama usoni, akarudi kwake bila kuaga.

Ijumaa asubuhi Wangui alimkuta mzee langoni, kichwa wazi kwenye baridi, akichungulia barabara. Alikuwa akienda pale kila siku. Walidhani anangoja gari la maziwa. Wangui alitaka kumwambia babu yake, Guka, rudi ndani. Yaliyotoka kinywani yalikuwa mengine.

"Baba Ngatia, rudi ndani."

Hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa mkewe. Mzee aligeuka, na Wangui akaona kwamba anamwogopa.

"Wangui," mzee akasema, "mimi nilikuzika. Nilitupa mchanga na hii mkono. Wanasema nimesahau, lakini sijasahau. Uliporudi sikukuuliza kitu, kwa sababu nilifurahi. Lakini kuna mtoto ya Ngatia alikuja hapa. Nilimwona na begi, amevaa koti ya town. Akaingia kwa nyumba, halafu ukatoka wewe. Ninamngojanga hapa kila asubuhi. Umempeleka wapi?"

Wangui alifungua mdomo aseme ni mimi. Akakwama. Mimi nani? Hata akitaja jina, lingemsaidia nini?

"Mrudishe," mzee akasema, machozi yakimtoka. "Wewe na mimi tulimaliza yetu. Huyo hata hajaanza. Kama unanitaka, mimi nitakuja huko kwako, siko mbali. Lakini usimchukue kwa sababu yangu."

"Nitamrudisha," sauti ikajibu. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na ilitoka kifuani mwake.

Alikimbia ndani. Sweta ilimng'ang'ania viganjani. Fundo la kitambaa lilikataa kufunguka, akalikata kwa kisu cha viazi. Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu matingatinga: alililia oveni, akamlilia yule mwanamume asiyestahili hata chozi moja, akajililia mwenyewe kwa sauti bila aibu. Alipomaliza akaitoa simu kwenye droo.

"Kesho nakuja. Usichukue mtu mwingine."

"Nani anaongea?" Sahro akauliza.

Wangui akasafisha koo, mara moja, mara ya pili. "Ni Wangui. Wa keki. Wa chapati sasa."

"Sauti yako ilikuwa imeenda wapi?" Sahro akasema. "Kuja mapema."

Jumamosi asubuhi Wangui aliposhuka na begi, amevaa koti lake la mjini, Beth alikuwa amefika langoni kwa mzee. Mzee alimpapasa uso kwa mikono miwili kama mtu anayekagua mzigo uliochelewa njiani, akacheka.

"Mtoto ya Ngatia. Umekonda."

"Nani atakukamulia ng'ombe, Guka?" Wangui akauliza.

Mzee akatazama zizini, na uso wake ukalainika.

"Enda, mtoto," akasema. "Sisi tuko sawa."

Ndipo wakasikia, kutoka ndani ya ukungu, maziwa yakigonga ndoo, taratibu, mkono baada ya mkono. Beth alikuwa amesimama hapohapo kando ya Wangui, mikono mitupu. Hakuna aliyegeuka. Wangui aliogopa, na chini ya woga ule akaona wivu kidogo, kwa sababu ng'ombe alikuwa ametulia. Akamshika babu yake mkono, akauachia, akashika barabara ya Nanyuki.