Familia Haikupatikana

Kule Kivu ya Kusini Doriane alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale alijifunza Kiingereza mwaka ule ule wa kwanza, si kwa kukipenda, bali kwa kuchoka kusimama mbele ya meza za maofisa akisemewa na watu wengine. Kwa hiyo habari zilipotoka kwamba madaktari kutoka ng'ambo, wakishirikiana na wenzao wa Mbarara, watawafundisha wahudumu wa afya wa kujitolea namna ya kumshikilia mgonjwa wa dharura mpaka gari lifike, na kwamba anatafutwa mtu wa kugeuza Kiingereza kuwa Kiswahili cha Wakongo, watu watatu walitaja jina lake kabla yeye mwenyewe hajasikia.

Mafunzo yalikuwa ya siku tano, katika ukumbi wa kukodi mjini Mbarara. Wahudumu arobaini walitoka Nakivale, akiwemo Munezero, jirani yake Doriane. Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri kupita alivyotarajia. Daktari mgeni, mama mrefu mwenye mvi, alionyesha namna ya kukandamiza kidonda kinachomwaga damu na namna ya kumpiga mgongoni mtoto aliyekabwa na kitu kooni. Doriane aligeuza kila neno, na pale neno liliposhindikana alilieleza kwa mikono, watu wakacheka, wakaelewa. Jioni alirudi walikolala akijihisi mwalimu tena.

Siku ya tatu alipanda jukwaani tabibu kijana wa Mbarara, Latif. Hanifah, msimamizi wa mafunzo, alimtambulisha kwa fahari: huyu alifunzwa katika awamu ya kwanza, sasa yeye mwenyewe ni mkufunzi, na mwezi ujao anakwenda ng'ambo kwa miezi mitatu kuongeza elimu. Watu wakampigia makofi.

Doriane alimtambua mara moja. Latif hakumtambua. Angewezaje? Mikononi mwake, kwenye kituo cha afya cha Nakivale, walikuwa wamepita kina mama mia ngapi. Isitoshe, kwenye karatasi za mafunzo aliandikwa Doriane tu, na hata nyumbani hakuna aliyemwita tena Mama Gradi. Tangu mwanawe Gradi azikwe, miaka miwili iliyopita, watu walimhamishia jina la binti aliyebaki, wakamwita Mama Ancilla, kwa huruma, na yeye akaitika.

"Nitawapa kisa nilichokutana nacho mimi mwenyewe," Latif alisema kwa Kiingereza, na Doriane akakigeuza.

Mtoto wa kiume, miaka mitatu. Malaria kali. Anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Doriane akageuza. Siku hiyo kituo hakikuwa na dripu ya glukosi, wala kipimo cha sukari ya damu. Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mama mjamzito, likapasuka gurudumu njiani, Rwekubo. Hapo sauti ya Doriane ilipungua. Gurudumu la Rwekubo alilijua. Alilisubiri kuanzia asubuhi hadi saa saba mchana, mtoto mapajani, akiinua shingo kila injini iliponguruma barabarani.

"Bahati mbaya," Latif aliendelea, "mama alichelewa. Alikaa na mtoto nyumbani siku mbili, akampeleka kwenye maombi kwanza."

Watu arobaini walikuwa na kalamu hewani, wakimsubiri. Munezero, kwenye mstari wa pili, aliinamisha kichwa.

"Anasema mama alichelewa siku mbili," Doriane akasema mwishowe, polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Anasema alimupeleka kwa maombi. Mama hakuchelewa. Mutoto alishikwa alfajiri, na saa moja ya asubuhi mama alikuwa amefika. Mutoto alikuwa bado anamuita kwa jina."

Minong'ono ilizagaa ukumbini. Latif, ambaye Kiswahili alikijua vizuri, aligeuka akamtazama, na safari hii alimwona.

"Kuna tatizo?" aliuliza daktari mgeni.

"Wanauliza kuhusu saa," Doriane akamjibu kwa Kiingereza. Hakujua mwenyewe kwa nini alimfichia. Labda ni kwa sababu alikuwa bado hajamaliza kazi, na alilelewa kumaliza kazi.

Latif alikohoa, akaruka hadi mwisho wa kisa: mtoto alifariki saa saba na nusu. Kisha akawauliza wahudumu, je, kama hakuna dripu wala kipimo, mngefanya nini? Ndipo daktari mgeni akachukua sukari ya chai iliyokuwa mezani, akachota kijiko kimoja, akadondoshea maji kidogo ikalowa, akafungua kinywa cha mwanasesere.

Doriane akageuza. Mtoto alale ubavu. Usimnyweshe kitu, atapaliwa. Weka sukari hii chini ya ulimi. Subiri dakika ishirini, ukiona bado, rudia. Sukari itaingia mwilini yenyewe. Malaria inakula sukari ya mtoto, na mtoto akiishiwa sukari, hufa hata kama sindano ya malaria amepigwa. Wahudumu walirudia kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, "chini ya ulimi," na yeye ndiye aliyewaongoza kurudia, mara tatu, kama alivyoagizwa.

Alichokuwa akikiona si mwanasesere. Asubuhi ile aliyomleta Gradi kituoni, Latif alimwona yeye Doriane anatetemeka, akamhurumia. Aliagiza aletewe chai kutoka kwenye chumba cha wafanyakazi. Ilikuwa chai ya moto, tamu mno, vijiko vitatu au vinne vya sukari. Mtoto akiwa mapajani, kichwa chake kimelegea kwenye kiwiko cha mkono wake wa kushoto, Doriane aliinywa yote kwa mkono wa kulia. Alishukuru. Alikumbuka kwamba alimshukuru.

Jioni Hanifah alimwita kando. Alikuwa mwanamke mpole, na alisema kwa upole: "Mama, mtafsiri haongezi la kwake. Kama ulikuwa na neno, ungeniletea mimi. Pumzika kesho na keshokutwa. Tumepata mwingine."

"Yule mutoto alikuwa wangu," Doriane alisema.

Hanifah alifunga macho kidogo. "Pole sana, mama. Pole kabisa." Kisha akaongeza, "Basi ndiyo maana ni vizuri zaidi upumzike."

Mumewe, Cyiza, alikuwa akipalilia maharage Doriane aliporudi Nakivale. Cyiza hakuwepo siku ile ya Gradi. Alikuwa Kikagate, mpakani, akinunua samaki wakavu wa kuuza, na simu haikumpata. Kwa miaka miwili alikuwa akijibebesha kosa la safari ile, mpaka mchungaji wao alipokaa naye siku nyingi akimwambia kwamba Mungu alimpenda mtoto kuliko wao, na taratibu akaanza tena kula, kuimba kanisani, kumpakata Ancilla. Doriane alifikiri njia nzima, asimwambie? Lakini walikuwa watu wa kuambiana.

Akamwambia pale pale shambani. Cyiza alisikiliza jembe likiwa mkononi.

"Sukari," alisema.

"Sukari."

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja."

Akarudi kupalilia. Alilima kwenda mbele bila kuinua uso, na Doriane akaona kwamba alikuwa akikata magugu na maharage pamoja, mstari mzima, mpaka mwisho wa shamba. Aliporudi alisema neno moja tu: "Juu ya nini umeniletea hii?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua sababu. Jumapili iliyofuata mchungaji alipoanza kuombea waliofiwa, Cyiza aliinuka akatoka nje, akasimama juani mpaka ibada ikaisha.

Wiki mbili baadaye Latif alikuja mwenyewe, kwa pikipiki, shati limejaa vumbi. Alivua kofia ya chuma, akaamkia, akakaribishwa kwenye kiti. Cyiza alikaa kwenye kigoda mkabala naye.

"Mama, mimi sikujua ni wewe," alianza. "Wallahi sikujua."

"Kama ungejua, ungesema tofauti?" Doriane akamuuliza.

Latif alitoa bahasha. Wale wenzao wa ng'ambo, alieleza, wanataka kukitia kile kisa katika kijitabu cha mafunzo, kisomwe katika nchi nyingi. Ila kwao kuna sheria: kisa cha mgonjwa hakichapishwi mpaka familia ikubali kwa sahihi. Jina halitatajwa. Ni sahihi tu, hapa, na hapa.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Doriane akaisoma yote, kisha akamgeuzia mumewe, sentensi baada ya sentensi, bila kuongeza la kwake. Alipofika pale penye mama aliyechelewa siku mbili, Cyiza aliinua mkono.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," Latif alisema. Alikuwa akitazama mikono yake. "Mzee, mtoto akifa, tunajaza fomu. Fomu inauliza kuchelewa kulikuwa wapi: nyumbani, njiani, ama kituoni. Unachagua moja. Ukichagua kituoni, wanakuja kukuuliza. Siku ile nilikuwa peke yangu, wagonjwa sitini. Nilikuwa na miezi minne kazini. Nikachagua nyumbani. Baadaye nikaombwa kisa, nikasoma fomu yangu mwenyewe, nikafuata vile imeandikwa."

"Na maombi?"

"Maombi niliongeza. Watu wengi hufanya hivyo."

"Dokta," Doriane alisema, "sukari ulikuwa unaijua?"

Latif alitikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Hapana, mama. Hakuna mtu alikuwa amenifundisha. Nimefundishwa mwaka jana. Siku niliyofundishwa sikula."

Doriane alimwamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mwongo mtupu, angemchukia akapumzika.

"Basi andika vile," akamwambia. "Kata hapa kwa kalamu. Andika mama alifika saa moja. Andika sukari ilikuwa kwa chai, na hakuna mwenye alikufundisha. Nitaweka sahihi, na baba yake ataweka. Batu basome kweli."

Latif alichukua kalamu. Aliishika juu ya ule mstari kwa muda mrefu, mpaka Ancilla akaja kuchungulia anachoandika. Kisha akaifunika kifuniko.

"Picha na maandishi vimeshatumwa," alisema. "Nikibadilisha sasa, watauliza kwa nini nilisema vingine. Na safari ni wiki ijayo."

"Utusalimie kwako," Cyiza alisema, akasimama. Karatasi ilirudi kwenye bahasha bila sahihi.

Kijitabu kilifika baada ya miezi minne, kwa Kiswahili, chenye michoro mizuri. Munezero ndiye aliyekileta, akiwa amekishikilia kifuani. Mwanzoni hakutaka kukitoa. Alianza kwa habari njema: juzi, kwa majirani Warundi, mtoto alikuwa ameshaanza kugeuza macho, naye Munezero akamwekea sukari chini ya ulimi, akasubiri, akarudia, na mtoto akaamka akaomba uji. "Mama Ancilla, aliamuka. Na macho yangu nilimuona."

"Mungu ashukuriwe," Doriane alisema, na alimaanisha. Lakini kabla ya shukrani kulikuwa na kitu kingine kilichompita moyoni, kibaya, cha haraka, cha kumwonea wivu yule mama Mrundi, na alijichukia siku nzima kwa hicho.

Munezero akafungua ukurasa wa tisa. Ulikuwa na mchoro wa mama mwenye kitambaa kichwani, mtoto mikononi, amepiga magoti. Chini yake: *Mtoto wa kiume, miaka mitatu. Mama alichelewa siku mbili akitafuta maombi.* Na mwisho wa ukurasa, kwa herufi ndogo: *Familia ya mtoto ilitafutwa ili itoe ridhaa, haikupatikana.*

Cyiza aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mkononi ana karatasi ya familia, ile yenye picha zao na namba ya ukimbizi.

"Vaa viatu," alimwambia mkewe. "Banasema hatukupatikana. Twende tupatikane."

Walitembea hadi kituo cha afya, mwendo wa saa nzima. Karani wa mlangoni aliwauliza mgonjwa ni nani. Cyiza akasema hakuna mgonjwa, wamekuja kumwona aliyewatafuta. Karani hakuelewa. Latif? Latif bado yuko ng'ambo, wamemwongezea muda. Basi yeyote. Karani akawatazama koti na viatu, akawapa namba ya foleni kama watu wengine, kwa kuwa kitu kingine cha kuwapa hakuwa nacho. Walikaa kwenye benchi kati ya watoto wenye homa, kwa muda wa saa tatu.

Tabibu wa zamu alikuwa msichana mgeni, ndio kwanza ameanza kazi. Aliwasikiliza mpaka mwisho; hakuwakatiza hata mara moja. Kisha akavuta droo, akatazama rafuni, akafungua kabati.

"Baba, mambo haya hayana kitabu," alisema. "Kweli sina pa kuyaandika."

Cyiza akaweka karatasi ya familia mezani, akainyoosha kwa viganja vyote viwili. "Andika fasi yoyote. Andika tu kama tulikuja."

Msichana akafikiri. Akafungua daftari la wagonjwa wa siku hiyo, akaandika majina yao kwenye mstari wa arobaini na saba, jina la mume, jina la mke, namba, kijiji. Kwenye safu ya ugonjwa kalamu yake ilisimama, halafu ikachora kistari. Akawapa kikaratasi, akawaonyesha dirisha la dawa, maana ndivyo utaratibu ulivyokwenda: kila jina lililoandikwa lilipita dirishani.

Mtoa dawa alikitazama kikaratasi, akakigeuza upande wa pili, hakuona kitu. Akawahesabia vidonge kumi vya maumivu. Cyiza alivipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akavitia katika mfuko wa koti, na wakashika njia ya nyumbani.