Mtoto Aliyeharibu Utafiti

Mtafiti aliingia kwa dada yake bila kupiga hodi. Kesho yake asubuhi alitakiwa kusimama mbele ya mabingwa wa macho, aeleze kwa nini watoto wa siku hizi, dunia nzima, wanazidi kushindwa kuona mbali. Jibu lake lilikuwa limeiva: hawatoki nje, hawapati mwanga wa kutosha. Mtoto mmoja ndiye aliyelitia doa kuliko wote, na kwa bahati mbaya alikuwa mpwa wake wa damu.

Kipima-mwanga alichopewa avae shingoni kilionyesha anashinda juani kutwa, huku miwani yake ikizidi kuwa minene kila akipimwa. Mkuu wa utafiti alishasema mtoto huyo afutwe, yaishe. Mtafiti roho ilimkatalia.

Alimkuta binti mezani, mapazia yamefungwa, pua imekaribia kugusa kitabu. Shingoni hana kitu.

"Kipima-mwanga kiko wapi?"

"Kipo nje, mama mdogo. Mama amekianika."

Akachungulia uani. Kweli, kilikuwa kwenye kamba, kimebanwa katikati ya soksi, kinaota jua kwa raha zake. Mtafiti akacheka, maskini, akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mtoto hakuharibu kitu!

Dada akatoka jikoni anafuta mikono. "Unacheka nini, Daktari? Si wewe uliyekuwa unapiga simu kila kipimo cha mwanga kikishuka? 'Mbona mtoto hatoki? Mbona mnaniangusha?' Huyu ana mitihani, atatoka saa ngapi?"

Kicheko kikamkauka. Simu zile hakumpigia dada peke yake. Aliwapigia wazazi wote wa utafiti, nyumba hadi nyumba, kwa ukali uleule. Angeweza kuaga palepale, akarekebisha vipimo vya mpwa wake, na kesho akapigiwa makofi. Swali lenyewe alikuwa analiogopa, lakini aliliuliza.

"Ni wewe tu uliyefanya hivi?"

"Tuko wengi tu, mdogo wangu." Dada akatabasamu, akamshika bega. "Tuliambizana kwenye kikao cha wazazi. Nani angekubali uaibike?"

Mtafiti akatoa simu, akampigia mkuu.

"Kesho sina jibu," alisema. "Vipimo vyote haviaminiki. Kosa ni langu."

Dada bado alikuwa amemshika bega, anasubiri kushukuriwa.