Damu ya Mwenye Gari wa Tatu

Fundi wa viti aliitwa kwenye ukumbi wa mnada asubuhi, akaambiwa aje na kitambulisho na moyo wa kusaidia. Alikuja na vyote viwili, maskini.

Gari lilikuwa katikati ya ukumbi, jekundu, refu, la mashindano ya enzi hizo. Yalitengenezwa saba tu. Sita yalishageuka vyuma chakavu. Dalali alikuwa ametundika ubao wenye historia yake. Mwenye gari wa kwanza alikuwa tajiri wa mashamba. Wa pili alikuwa daktari wa meno, aliyeliendesha mara moja, akaloa jasho, akaliuza. Wa tatu Kisulisuli, dereva. Wa nne, wa tano na wa sita walikuwa mtu, mwanawe na mkwewe, waliovutana mahakamani mpaka matairi yakaoza.

Kisulisuli alikuwa kaka yake fundi wa viti, baba mmoja, mama mmoja. Alifia ndani ya gari hilo hilo, kwenye kona ya mwisho, akiwa anaongoza.

"Kadi ya gari ya wakati wake ilipotea," dalali alisema. "Asiposhuhudia ndugu, hapo kwa wa tatu panabaki pengo, na gari lenye pengo wanunuzi wanalikimbia. Soma, mama, halafu utie sahihi."

Akasoma. Kisulisuli alimiliki gari miaka miwili, akashinda mara tano. Kifua kikampanda kwa fahari. Tangu lini jina la kaka yake limeandikwa popote zaidi ya kaburini? Kisha akafika mstari wa chini: *Kiti cha dereva bado kina damu yake halisi.*

"Damu gani?"

Dalali akaondoa kitambaa kwenye kiti, taratibu. Palikuwa na doa la ukubwa wa sahani. Inzi wawili walikuwa wametua juu yake.

"Hatujaigusa hata kidogo," alinong'ona. "Kwa heshima."

Heshima! Mate machungu yalimjaa fundi mdomoni. Mtu afe, azikwe, aliliwe, halafu miaka ishirini na mitano baadaye mwanamume aliyevaa tai amwanikie damu yake hadharani watu wachungulie! Na wala haikuwa yake. Kiti cha zamani mama yao alikiosha siku tatu, maji yakawa bado yanatoka mekundu, wakakichoma nyuma ya nyumba. Hiki fundi alikishona mwenyewe mwaka uliofuata, mwenye gari wa nne alipolipeleka gereji. Kila fundo alilifunga chini ya ukingo, upande wa ndani, kama anavyofunga mpaka leo.

Mnunuzi akaingia, viatu vyeupe, manukato yakimtangulia. Hakusalimia. Aligusa lile doa kwa kidole, akafumba macho.

"Namhisi," alisema. "Wallahi namhisi kabisa."

"Unamhisi kuku," fundi wa viti akamjibu. "Wa jana, labda juzi. Damu ya miaka ishirini na mitano haifuatwi na inzi, baba."

Akatoa kisu chake cha kazi kwenye mkoba, akafumua mshono kabla dalali hajafungua mdomo. Sponji ilikuwa nyeupe pe. "Kiti hiki nimekishona mimi. Kaka yangu hajawahi kukikalia. Aibu yenu!"

Mnunuzi alinywea. Fundi akashusha pumzi, akajua yamekwisha; hata mtu wa namna hii atamgeuzia dalali kibao, ajiendee zake.

Lakini mnunuzi alikuwa anamtazama yeye.

"Umesema ni kaka yako? Wa kuzaliwa?"

"Tumbo moja."

Wale wanaume wawili wakatazamana. Dalali akakohoa, akajipapasa kwenye koti, akachomoa pini kwenye beji yake.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema kwa sauti ya upole, ya kubembeleza. "Si damu ni ile ile? Tone moja tu. Pale pale. Hapo hatutakuwa tumemdanganya mtu."

Mnunuzi alikuwa ameshatandika leso yake safi kwenye mlango wa gari ili mama asichafuke mkono.

Fundi wa viti akausogelea ubao. Kalamu ilikuwa pale inamngoja. Akaichukua, akakata mstari wa tatu wote: jina, miaka miwili, na ushindi wa mara tano aliokuwa ametoka kuufurahia.

"Mama! Unafanya nini? Si umesema ni kaka yako?"

"Nani?" fundi akauliza. Machozi yalikuwa yanamshuka, hakuyafuta. "Huyo mtu simjui. Hakuwahi kuwa na gari."

Akairudisha kalamu mahali pake, akatoka.